Namna ya Kuzeeka na Giaboksi ya Otomatiki Bila Kuaibika

Giaboksi yako imezeeka, tusizungushane. Asubuhi ukiweka D gari linatulia kwanza, linafikiri, ndipo linatii. Likitoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini inapiga mayowe na gari halisongi, kisha kinakuja kishindo cha kumwamsha mtoto aliyelala kiti cha nyuma. Na mkopo wa sacco bado haujaisha.

Nitakusaidia kwa mambo mawili: isife wiki hii, na watu wasijue. La pili ndilo jepesi. Watu wa Thika na Ruiru huangalia rimu, rangi na herufi za namba ya gari. Gia hawazisikilizi. La kwanza linataka akili kidogo, na akili hiyo ndiyo nakupa hapa. Uponyaji siahidi. Sahani zilizoisha ndani hazioti tena. Ninachokupa ni muda, na huo muda ni wa kuchanga pesa.

Hatua ya kwanza: jua kinachokufa

Huwezi kukidanganya kifo usichokijua jina. Ndani ya otomatiki ya kawaida, ile ya Probox au Premio ya zamani, kuna pampu, kuna mafuta, na kuna mafungu ya sahani nyembamba za klachi zilizopangwa kwa kupishana na sahani za chuma. Pampu inasukuma mafuta, valvu zinayaelekeza, presha inazibana sahani na gia inashika. Kazi yote ya giaboksi ni hiyo: presha na mbano.

Sasa ongeza miaka. Sili za mpira zinakauka na kuwa ngumu. Tundu za valvu ndani ya alumini zinapanuka kwa msuguano wa kila siku. Solenoidi, vile vibomba vya umeme vinavyofungua na kufunga njia za mafuta, vinanasa uchafu. Presha inavuja kwa ndani bila tone kuanguka sakafuni. Sahani hazibanwi sawasawa, zinateleza; zikiteleza zinapata moto; moto unaunguza mafuta; mafuta yaliyoungua yanazidi kuzitelezesha. Kutoka hapo mambo huenda mbio.

Jifunze kusikiliza wakati wa ugonjwa. Gari likichelewa kushika gia asubuhi na kupona likipata joto, mara nyingi ni sili zilizokauka: joto huzilainisha zikaziba tena. Gari likiwa jema asubuhi na kuanza kuteleza baada ya saa nzima ya foleni, mafuta yamekuwa mepesi na yanapenya kila mwanya uliochakaa. Hilo la pili ndilo la kuogopa zaidi. Kuna kanuni ya zamani ya watu wa kazi hii: mafuta ya giaboksi yakipita nyuzi 80 hivi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata maisha yake nusu. Kwa hiyo adui yako mkubwa ni moto. Umri unamfungulia mlango tu.

Hatua ya pili: hakikisha kweli ni giaboksi

Hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote, na inashangaza wangapi wanairuka. Umepeleka gari, fundi ameweka D, limegonga, amekwambia, “Mkubwa, hii giaboksi imeenda.” Usijibu kitu. Fungua boneti, mwombe mtu akanyage breki kwa nguvu na kubadilisha D na R huku wewe umesimama kando, kamwe si mbele, ukiangalia injini. Ikiruka kama inataka kutoka, maunti za injini zimekatika. Kishindo ulichokuwa unakililia ni cha mpira uliochanika, na maunti ni bei ya chakula cha Jumapili ukilinganisha na giaboksi.

Halafu dai gari lisomwe kwa mashine kabla halijafumuliwa. Sensa ya mwendo iliyokufa, waya wa ardhi wenye kutu au solenoidi moja inaweza kulifanya gari ligonge au lifungiwe kwenye gia moja. Kompyuta ikishtuka huling'ang'aniza gari gia moja ili lisijiue, na mwenyewe akadhani mwisho umefika. Thika ni mji wenye kiwanda cha kuunganisha magari tangu miaka ya 1970, kile kilichoanza kama Leyland Kenya na leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Haukosi watu wanaoijua kazi. Mtafute anayepima kabla ya kufungua. Anayefungua kabla ya kupima anakisia, na anakisia kwa pesa zako.

Hatua ya tatu: soma mafuta

Chukua karatasi nyeupe ya shashi. Kama gari lako lina kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, fuata kitabu chake. Otomatiki nyingi za Toyota za zamani hupimwa injini ikiwa inanguruma na mafuta yamepata joto. Dondosha matone mawili kwenye shashi na usubiri. Mafuta mazima ya otomatiki nyingi hutiwa rangi nyekundu tangu kiwandani, na hapo kwenye shashi yatatanuka polepole yakiacha doa jekundu safi. Yakiwa ya kahawia, yamezeeka. Yakiwa meusi, yakibaki katikati na unga uliokataa kusambaa, unga huo ni sahani zako. Nusa pia. Harufu ya kitu kilichoungua haidanganyi. Yakiwa na rangi ya maziwa yenye waridi, simama hapo hapo: maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi, na kila kilomita unayoongeza inazibandua sahani.

Fundi akifungua sampu, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi, mwambie akuonyeshe sumaku zilizo chini yake. Shikilia uone kwa macho. Tope laini la kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari mbaya.

Kama gari halina kijiti, na mengi ya sasa hayana, kuna tajiri wa yadi atakayekwambia mafuta yake ni ya maisha. Muulize maisha ya nani. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mengi yanaingia Mombasa yakiwa na miaka 7, na mafuta yaliyomo huenda ni yale yale ya kiwandani. Weka juu yake miaka yako mwenyewe ya Githurai. Mafundi wengi wanaojali hubadilisha kati ya kilomita 40,000 na 60,000, na kwa foleni zetu mimi nakaa upande wa 40,000. Kilomita za dashibodi usizitegemee sana. Zimewahi kurudishwa nyuma na watu wenye haraka ya kuuza.

Hatua ya nne: badilisha mafuta kwa ujanja

Ukifungua nati ya chini, mafuta hayatoki yote. Nusu au zaidi hubaki ndani ya vijia na ndani ya toki konvata, kile kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa mafuta. Watu wengine hupenda mashine ya kusukuma yote nje kwa mpigo. Kwa giaboksi ya kizee mimi nasema hapana: mwaga yanayotoka, rudisha kiasi kile kile, endesha wiki mbili tatu, mwaga tena. Mara tatu hivi inatosha. Uchafu hautikiswi wote kwa siku moja ukaenda kuziba valvu. Badilisha kichujio pia pale kinapofikika.

Aina ya mafuta haina mjadala. Toyota ya T-IV haitaki WS, maana WS ni mepesi zaidi. CVT ya Toyota, ile giaboksi ya mkanda nitakayoifikia mwishoni, ikitaka TC usiipe FE. Nissan ina NS-2 na NS-3. Muuza duka atakayekwambia “hii inaingia zote” anakuuzia alichonacho. Soma kitabu cha gari au kibandiko, nunua hicho, kaa hapo fundi akimimina. Kujaza kupita kiasi nako ni kosa. Mafuta hupigwa yakatoa povu, na povu halibani sahani.

Na hapa nakuomba uwe mkweli na nafsi yako. Kama giaboksi tayari inateleza ikiwa moto na shashi imetoa unga, mafuta mapya hayatairudisha. Zipo zilizokufa wiki moja baada ya kumiminiwa mafuta safi, na mafuta yakalaumiwa, ilhali sahani zilikuwa zimeisha siku nyingi. Zile chupa za dawa zinazouzwa kaunta huweza kuvimbisha sili zilizokauka zikaziba kwa miezi kadhaa. Sahani haziwezi kuziotesha. Nunua chupa kama tatizo lako ni la asubuhi. Kama ni la moto, weka pesa hiyo kwenye mfuko wa kuchanga.

Hatua ya tano: chagua barabara na saa

Kutoka Ruiru hadi Thika ni kilomita kama 20, na tangu Rais Mwai Kibaki aizindue Thika Superhighway mwezi wa Novemba 2012, kipande hicho ni zawadi kwa mwenye giaboksi mbovu. Sababu ni ya kiufundi. Gari likishika mwendo wa utulivu, klachi iliyo ndani ya toki konvata hujifunga, injini na giaboksi vinazunguka pamoja, mafuta hayakorogwi tena na joto linashuka. Ukipita Juja na Witeithie kwa mwendo wa wastani usiobadilika, giaboksi inapumzika huku ukisafiri. Hakuna atakayejua kwamba hiyo sura ya mtu asiye na haraka umeivaa kwa sababu ya sahani.

Kifo kiko kwenye barabara ya pembeni pale Ruiru mjini saa kumi na mbili jioni, na kwenye kona ya Kamakis Ijumaa. Hapo gari linasogea urefu wa bodaboda, linasimama, linasogea tena. Toki konvata inateleza muda wote, hewa haipiti kwenye rejeta, gia ya kwanza na ya pili zinabadilishana bila kazi. Fanya hivi. Acha mwanya mkubwa mbele yako, uufunge mara chache badala ya kusogea kila mara. Dereva wa matatu ataingia kwenye mwanya huo. Mwache aingie, yeye ndiye anayeungua. Tumia L au 2 ili giaboksi isihangaike kupanda na kushuka gia. Foleni ikikwama kabisa weka N na handibreki, lakini usicheze na N na D kila sekunde kumi, maana kila kushika ni kukwangua. Na kama kazi yako inaruhusu, ondoka nusu saa mapema.

Asubuhi, itunze kama mzee wa nyumba na usiiamshe kwa kelele. Washa, ngoja injini ishuke mngurumo, weka D, subiri uhisi gari limeshika, ndipo uachie breki. Kilomita mbili za kwanza nenda polepole. Majirani wa Membley watasema huyu ni mtu mwenye nidhamu.

Hatua ya sita: sanaa ya kuegesha

Hapa ndipo heshima hupotea, kwa sababu giaboksi nyingi za kizee huasi kwenye R kabla ya kuasi kwenye D. Ukienda Kamakis kula nyama, fika mapema uchague nafasi utakayotoka ukiangalia mbele. Kama eneo lina mteremko, egesha ili mteremko ukusaidie kutoka. Usikubali mwoshaji wa magari akusogezee gari. Atalitia R likiwa bado linasonga mbele, na hilo ni pigo moja kwa sahani zilizobaki na kwa gia zenyewe. Simamisha gari kabisa, hesabu moja, ndipo ubadilishe. Sheria hiyo moja ingeokoa giaboksi nyingi kuliko dawa zote za kaunta.

Kwenye mteremko weka N, vuta handibreki, achia breki ya mguu gari likae juu ya handibreki, ndipo uweke P. Vinginevyo uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi, na ule mlio unaousikia ukitoa P ni wake. Ukipanda penye hoteli ya Blue Posts kutoka kwenye mto Chania, usikae kwenye mlima ukilishikilia gari kwa mafuta kidogo badala ya breki. Watu hufanya hivyo kwa kujionyesha. Ni dakika moja ya maringo inayochemsha mafuta yote.

Hatua ya saba: lisipokwenda kabisa

Litakwama, na litakwama mbele za watu. Toka, fungua boneti, piga simu. Vijana watano watakuja na kusema “tusukume iwake”. Wakatae kwa shukrani. Gari la kawaida la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, kwa sababu pampu yake inazungushwa na injini. Injini ikiwa imelala hakuna presha, na bila presha hakuna gia. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali kuvutwa kwa kamba kutoka Juja mpaka Makongeni. Magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani bila mafuta kuvifikia, na ulichodhani ni ugonjwa mdogo kinafika gereji kikiwa maiti. Gari la kuendeshwa na magurudumu ya mbele lichukuliwe mbele ikiwa juu, au lipandishwe lote kwenye lori. Lori ni ghali. Giaboksi ni ghali zaidi.

Neno kwa wenye CVT

Fielder, Note, Fit na Forester nyingi za miaka hii hazina sahani za kila gia. Zina mkanda wa chuma, au mnyororo kwa Subaru, unaobanwa kati ya puli mbili. Hakuna kubadilisha gia, kwa hiyo usisubiri kishindo. Dalili zake ni mtetemo ukiondoka taratibu, mvumo unaopanda na mwendo, na injini kuzunguka sana bila gari kujibu. Mkanda ukiteleza hukwaruza puli, na puli iliyokwaruzwa haina dawa. Usijilaumu peke yako. Mwaka 2009 Nissan yenyewe ilirefusha dhamana ya CVT huko Marekani kwa magari yake ya 2003 hadi 2010, mpaka miaka 10 au maili 120,000. Wewe wa Ruiru huna dhamana hiyo. Una mafuta sahihi, mguu mwepesi na mzigo mdogo. Kubebesha Note magunia ya viazi kutoka soko la Jamhuri ni kuikatia kaburi.

Ukishindwa

Siku ya kununua giaboksi nyingine itafika. Ukichagua ya mtumba kutoka Japani, linganisha namba ya aina iliyo kwenye kibandiko cha gari lako, kwa sababu giaboksi mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na kompyuta na uwiano tofauti. Badilisha sili za nje na mafuta kabla haijapandishwa, maana nayo ni ya miaka ile ile. Na hakikisha kipoza mafuta na mabomba yake vimesafishwa au kubadilishwa. Unga wa giaboksi iliyokufa hulala humo, na siku ya kwanza unaingia kwenye mpya. Watu wamenunua giaboksi mbili kwa mwaka kwa sababu ya bomba ambalo halikuoshwa. Angalia pia rejeta: aliyejaza maji ya mfereji miaka mitano ameiziba kwa kutu, na kwenye magari mengi mafuta ya giaboksi hupozwa humo humo.

Ukiamua kuuza badala ya kutengeneza, ujanja wangu unaishia hapo. Majirani uliwaficha mlio, na hilo halikumdhuru mtu. Mnunuzi ni jambo jingine. Usilipashe joto gari kabla hajafika ili ugonjwa wa asubuhi usionekane. Usimimine mafuta mazito jana yake. Mruhusu aje alfajiri gari likiwa baridi, aliendeshe hadi lipate moto, alete fundi wake na mashine yake. Punguza bei kwa kiasi cha giaboksi, andika kwenye makubaliano kwamba ina hitilafu, mtie sahihi nyote wawili. Yeye pia amekopa sacco. Mwambie kabla hajatoa pesa.